Kwaya Iliyopoteza Majoho

Kila siku akitoka shule, Enesi alipitia dukani kwa Shangazi Felista pale Mpemba, Tunduma, kando ya barabara kuu ambako malori ya Zambia hupanga foleni. Duka lilitoa fotokopi, lilichapa barua na kutengeneza kadi. Kwa miezi sita Enesi alikuwa akijifunza kompyuta hapo, na wateja walishaanza kumwita fundi. Jina hilo alilipenda kuliko wali.

Kisha akaja Ketrina, binti wa baba yake mdogo, kutoka kijiji cha Mbebe huko Ileje. Shangazi alimpa mwezi mmoja wa majaribio: akiiweza kazi, atabaki na kusoma Tunduma, akishindwa, atarudi kijijini. Wiki ya pili tu, Ketrina alikuwa akiondoa weupe nyuma ya picha na kukata nafasi tupu za pembeni upesi kuliko Enesi.

"Mtoto huyu ana mkono," Shangazi aliwaambia wateja.

Enesi alitabasamu, lakini wivu ulimwasha kama pilipili jichoni. Amekuja juzi, leo ndiye fundi? Alinuna mpaka jioni.

Jumatano alifika Mwalimu Amoni, kiongozi wa kwaya, na picha kwenye flashi. Waimbaji kumi na wawili walivaa majoho meupe. Mwalimu alijua kuwa picha za pasipoti hutakiwa ziwe na weupe nyuma, basi naye akawatundikia waimbaji wake mashuka meupe nyuma yao. Sasa alitaka mashuka yatoke, watu wawekwe juu ya rangi ya bluu, liwe jalada la CD ya kuzinduliwa Jumapili.

"Ketrina, toa mashuka, bluu nitaiweka mwenyewe kesho," alisema Shangazi. "Kazi hii ndiyo itakayoniambia kama unabaki." Akaenda mjini kununua karatasi.

Ketrina aliitazama picha. "Dada Enesi, joho jeupe, shuka jeupe. Nikifuta weupe, si vitatoka vyote?"

Enesi alijua vizuri. Picha ya namna hiyo hufutwa kwa kuzungusha kipanya taratibu ukingoni mwa kila mtu.

"Programu inajitofautishia yenyewe," alijibu bila kumtazama. "Bonyeza weupe, futa, kata pembeni, basi."

Ketrina akafanya hivyo. Kwa kuwa ukurasa wa kompyuta nao ulikuwa mweupe, majoho yalionekana kama yapo.

Alhamisi mchana Shangazi aliweka bluu na kuchapa, Mwalimu Amoni akiwa amesimama kando. Karatasi ilitoka na vichwa kumi na viwili vikielea hewani, na mikono isiyo na wenyewe.

"Dada Felista," alisema Mwalimu polepole, "waimbaji wangu wako hai. Mbona umewafanya mizimu?"

Shangazi aliona aibu kubwa. "Ketrina, Jumamosi utapanda gari la Ileje."

Ketrina hakumtaja mtu. Alifungua daftari lake la mafunzo, akamgeukia Enesi. "Dada, nilikosea hatua gani? Niambie niandike, nisirudie hata huko nyumbani."

Enesi alikuwa ameisubiri siku hii kwa hamu, na sasa hakuona utamu wowote.

"Hukukosea," alisema. "Shangazi, aliniuliza nikamdanganya makusudi. Niliona wivu. Nisamehe, Ketrina. Naomba na wewe Mwalimu unisamehe."

Shangazi aliichomeka flashi tena. "Picha yenyewe bado ipo kwenye flashi. Kaeni hapo mtengeneze, na wewe Enesi umfundishe kila unachokijua."

Walikaa kwenye kiti kimoja siku hiyo na kesho yake, wakipokezana kipanya, wakifuata mabega na mikunjo ya majoho. Jumamosi asubuhi kwaya nzima ilisimama juu ya bluu ikiwa na nguo zake.

"Fundi wa kazi hii ni nani?" aliuliza Mwalimu Amoni akicheka.

Shangazi alimwachia Enesi ajibu.

"Ketrina amekata saba, mimi watano," alisema Enesi. "Wake wametoka vizuri zaidi."

Mwalimu alipoondoka, Shangazi aliwaita wote wawili. "Ketrina, unabaki. Enesi, ulitaka mwenzako aanguke, ukaiangusha kwaya nzima, na jina la duka langu pia. Ukimwona anayekushinda, usimchimbie shimo. Mwambie, nifundishe."

Enesi alisogeza kiti karibu na Ketrina. "Nifundishe," alisema.