Ukurasa Uliogandana

Nilianua nguo, nikazikunja, ndipo nikamwendea mama mkwe na dawa yake ya jioni. Mume wangu alikuwa bado kazini. Mama mkwe haoni. Mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili. Ulimi, lakini, ulibaki wembe.

"Umechelewa. Ulikuwa na yale makaratasi yako."

Kweli nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeazima maktaba riwaya ya mambo ya kale, ya watu waliokataliwa na mji wao: mchimba makaburi, bubu mmoja, na mwanamke aliyeitwa mchawi. Waliishi pamoja kwenye banda kuukuu la kutengenezea ngozi. Hakuna kikubwa kilichotokea humo. Waliziba paa, walichemsha maji, walisikiliza mvua. Niliisoma polepole, kama mtu anayelamba asali asitake iishe. Katika nyumba ile nisimotakiwa, wale watu walikuwa ndugu zangu.

"Basi soma," akasema. "Nisikie hicho kinachokupumbaza."

Nikawasha taa, nikasoma. Mwanamke anapanga kuni. Bubu anamletea maji...

"Umeruka."

Nikapitisha kidole kwenye mistari.

"Umeruka, wewe. Kabla ya maji, anafunga mlango. Kwa kamba ya ngozi. Halafu anacheka peke yake."

Nikatazama. Kurasa zilikuwa zimegandana. Nikazibandua kwa ukucha, taratibu...

Kamba ya ngozi.

Na kicheko.

"Mama, nani alikusomea?"

"Mimi? Sijasomewa kitabu tangu nizaliwe." Uso wake ulielekea juu ya bega langu. "Huyo nyuma yako ndiye anayesema umeruka."

Sikugeuka.

Harufu ikaja. Ngozi mbichi... na moshi.

"Mwambie atoke," akanong'ona. Tangu niolewe hakuwahi kuniomba kitu. "Mwambie mimi sikuwepo. Ni bibi yangu na wenzake waliopeleka moto."

"Moto gani, mama?"

Nyuma yangu mtu alivuta pumzi, kama anayesubiri ukurasa ugeuzwe.

Nikakifunga kitabu. Asubuhi nikakirudisha maktaba, sura za mwisho sijazigusa. Mume wangu akasema mama yake anazeeka tu, kichwa kimeanza kuchanganya mambo.

Huenda.

Lakini tangu siku ile, jua likizama, mama mkwe huanza kusimulia kutoka pale nilipoishia, kwa sauti ya mwanamke nisiyemjua. Polepole. Mvua. Kuni. Watu wanaopanda kilima kuelekea bandani na mienge, kila jioni wakisogea kidogo. Akimaliza hulia, hakumbuki alichosema, na hunitukana nikitaka kumshika mkono.

Nami, Mungu anisamehe, kila jioni huvuta kigoda nikasikiliza.

Jana ile sauti ilikatiza hadithi katikati.

"Inakupendeza?" ikaniuliza.

Nilitaka kusema hapana.