Zawadi ya Dobi

Nyumba hii ilikuwa na kazi mbili chini ya paa moja. Chumba cha mbele mke alifundisha kompyuta. Chumba cha nyuma mumewe, dobi, alipiga pasi nguo za watu. Katikati yao palikuwa na ukuta, na ndani ya ukuta huo ulipita waya mmoja uliowahudumia wote wawili.

Shida ilianzia hapo. Wanafunzi wakiwasha kompyuta zote, na dobi akachomeka pasi, umeme ulikatika. Basi wakajitungia utaratibu. Kabla ya kupiga pasi, dobi aligonga ukuta na kuita, "Jamani, nachomeka." Wanafunzi walihifadhi kazi zao mbio mbio, wakakunja mikono kungoja kompyuta zizimike.

"Mume wangu," mwalimu alisema siku moja, "wiki ijayo wanafunzi wanafanya mtihani wa cheti humu humu. Umeme ukikatika katikati, wao hawana cheti na mimi sina darasa. Nani ataniletea mwanawe tena?"

"Siku hiyo sitapiga pasi."

"Na suti za watu ulizoahidi?"

Dobi akakuna kichwa. Alimpenda mkewe, na hakupenda kumwona amekunja uso. Kesho yake akaenda dukani kununua breka. Breka ni ile swichi ya kwenye boksi la umeme inayojizima yenyewe umeme ukizidi. Ile ya nyumbani ilikuwa ndogo. Yeye akachagua kubwa kuliko zote dukani, akaifunga mwenyewe, na akajipongeza mwenyewe.

"Zawadi yako hiyo," akamwambia mkewe. "Ile ya zamani ilikuwa mwoga. Hii ina moyo."

Kweli, umeme haukukatika tena. Mwalimu akatembea kifua mbele. Dobi akapiga pasi kutwa huku akiimba, na kwa sauti ile, wanafunzi wengine walianza kutamani umeme ukatike.

Mtihani ulipokaribia, wifi yake mwalimu, yaani dada wa dobi, akaja kusalimia. Wifi huyu alikuwa fundi umeme, wala hakuwa mtu wa kulificha hilo.

"Wifi, umenenepa. Kaka anakulisha nini?"

"Ananilisha maneno," mwalimu akajibu.

Wifi akacheka, akaegemea ukuta. Mara kicheko kikakatika.

"Huu ukuta mbona una joto?"

"Jua hilo."

"Jua liko upande ule." Akanusa. Palikuwa na harufu ya plastiki inayoungua. Hakuomba ruhusa. Alikwenda kwenye boksi akazima umeme wa nyumba nzima.

Wanafunzi wakanung'unika. Dobi akatoka na pasi mkononi. "Nani kazima?"

"Mimi. Na breka hii kafunga nani?"

"Mimi," dobi akasema kwa fahari.

"Nilijua. Fundi asingethubutu."

Wifi akafungua soketi ya ukutani, akawaita waone. Ganda la waya lilikuwa jeusi, limelainika.

"Breka ya kwanza haikuwa mwoga, kaka. Ilikuwa inaulinda waya. Waya huu ni mwembamba, una kiasi chake cha umeme. Ukizidisha, unapata moto. Breka ndogo ilikata kabla ya kufika huko. Wewe umebadili breka, waya umeuacha ule ule. Breka hii itakuja kukata wakati waya umeshaungua."

Dobi akalitazama benchi lililoegemezwa ukuta ule. Wanafunzi walikaa pale kila siku. Akaiweka pasi chini.

"Ningewaunguza watoto wa watu," akasema.

Mkewe akamshika mkono. Alikuwa na hasira naye, na alimwonea huruma pia. "Basi mtihani ndio umekwisha," akasema.

"Upo, tukianza sasa," wifi akasema. "Nipe chaki."

Akachora darasa ubaoni. "Kwanza tunahesabu mzigo. Kila kifaa kimeandikwa kinavuta umeme kiasi gani."

Wanafunzi wakainama nyuma ya kompyuta, wakasoma kwa sauti. Mwalimu akajumlisha. Pasi peke yake ilivuta umeme wa kompyuta nyingi.

"Mmemwona mlafi?" wifi akauliza. Hata dobi alicheka.

"Sasa tunagawa njia za umeme. Kompyuta za upande huu njia yao, za upande ule njia yao. Taa njia yao, ili kompyuta zikizimika msikanyagane gizani. Pasi njia yake. Kila njia ina waya wa unene unaotosha, na breka inayolingana na waya huo."

"Na hizi ekstensheni?" mwanafunzi mmoja akauliza. Zilikuwa zimechomekwa moja ndani ya nyingine, zimetambaa sakafuni.

"Zinaondoka. Kila meza itapata soketi ya ukutani yenye waya wa ardhi. Kompyuta ikiharibika na umeme ukagusa kasha lake la chuma, waya wa ardhi unaupeleka chini, na umeme unakatwa. Tena nitafunga kifaa kinachokata upesi umeme ukivuja, hata ukivujia mwilini mwa mtu."

"Nitakusaidia kufunga," dobi akasema.

"Utasaidia kutoboa ukuta. Boksi usiliguse tena. Hiyo ni kazi ya fundi."

Wifi akaja na mafundi wenzake. Walitoa waya wa zamani na ile breka kubwa, wakapitisha nyaya mpya, wakafunga breka ya kila njia, wakapima kila njia kabla ya kuwasha.

Siku ya mtihani ikafika. Chumba cha mbele wanafunzi wanaandika, chumba cha nyuma dobi ananyoosha suti. Katikati ya mtihani, nyaya ndani ya kebo ya pasi iliyochakaa zikagusana. Breka ya njia ya pasi ikajizima. Pasi ikapoa juu ya meza.

Dobi akakimbilia darasani, akidhani kompyuta nazo zimezimika. Akafika mlangoni, akasimama. Kompyuta zote zilikuwa zinawaka. Vidole vilikuwa vinagonga vitufe. Hakuna aliyeinua kichwa.

Mwalimu akamsogelea, akanong'ona, "Kuna nini?"

"Kwangu umeme umekatika."

"Pole, mume wangu."

"Usinipe pole, nipe hongera," dobi akasema, na machozi ya furaha yakamlengalenga. "Haya, rudi kwa wanafunzi wako."