Sehemu Iliyoanguka

Walikutana mlangoni mwa lifti asubuhi, watu wamebanana kama njugu ndani ya ganda. Mwanamume alikuwa mkaguzi wa kompyuta katika kampuni kubwa ya bima, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Binti, fundi wa kompyuta mwenye gauni la manjano, alikuwa amekumbatia kompyuta kama mtoto mchanga.

"Dada, mbona umeing'ang'ania hivyo? Itakufa?"

"Hii haifi, kaka. Nimeitungia kiini cha mfumo. Sehemu moja ikianguka, kiini kinaiondoa na kuwasha nyingine mahali pake. Mtumiaji hajui hata kama kuna msiba."

Mkaguzi akatekwa palepale. Miezi minne simu hazikupoa. Akambandika jina: Kiini.

Ikaja siku ya kuamua kama kiini kile kinaifaa kampuni ile ya bima, yenye wafanyakazi elfu mbili. Fundi alikitunga miaka mitano. Hakuwa na kingine duniani. Mkaguzi, asije akashukiwa mapenzi, alisimama mbele ya wakubwa akatania:

"Sehemu zake zinaulizana mno kabla ya kufanya kazi. Kimemfuata mama yake: maneno mengi, mwendo wa kobe. Hakifai."

Ukumbi mzima ukacheka, fundi akiwa amekaa safu ya mbele.

Jioni mkaguzi akampigia. "Mpenzi, ulikuwa utani tu."

"Ulikipima?"

Mkaguzi akaanza kucheka.

"Nakuuliza, ulikipima?"

"Sikuwahi..."

Simu ikakatwa. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Mwaka haujaisha, mashine moja ya kuchapia ikaleta hitilafu. Katika mfumo wa zamani sehemu zote zilikuwa chanda na pete. Ilipoanguka moja, zikaanguka zote. Kampuni ikalala siku tatu. Fundi akaitwa, na mkaguzi akaamriwa akipime kiini kwa mkono wake. Alikwenda na pete mfukoni.

"Kiini changu, nisamehe."

"Tupime kwanza."

Mkaguzi akaiua sehemu ya mtandao, ofisi nzima ikiwa kazini. Nyingine ikawaka. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Kimepona!"

"Hakikuugua. Ni sehemu tu iliyokufa."

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamume mwingine wa suti ya kijivu, akambusu fundi shavuni. "Kiini, twende. Mumeo ana njaa."

Mkaguzi akamgeukia fundi. "Nani kamfundisha jina hilo?"

"Mimi. Jina zuri halitupwi."

Fundi akamsogezea fomu ya upimaji, kidole kwenye mstari wa mwisho: Sehemu ilipoondolewa, kuna aliyehisi pengo?

Mkaguzi akaandika, kwa mwandiko wake mzuri: Hapana. Kinafaa.