Miche Iliyozeeka Kabla ya Kukua

"Shoga, mbona miche yenu inazeeka kabla ya kukua?"

Jirani aliuliza hivyo asubuhi moja, akiwa ameegemea ua. Mama aliweka chini ndoo ya kumwagilia, akainama. Vitalu vile vya nyanya ndivyo vilivyowalisha yeye na binti yake tangu baba alipofariki. Majani machanga yalikuwa yamegeuka manjano. Mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani.

Binti huyo, aliyeitwa Chiriku kwa wingi wa maneno yake, alijua jambo moja akalinyamazia. Kila siku alitumwa kutupa majivu ya jikoni shimoni, nyuma ya nyumba. Kwa uvivu aliyamwaga vitaluni na kuyafukia kwa mkono. Mama alipomuuliza, alijibu haraka kwamba amemwona jirani akimwaga maji ya sabuni pale.

Mama hakulala na neno. Alimfuata jirani mlangoni kwake, akamwambia ana kijicho na riziki ya mjane. Jirani aliapa kwa jina la Mungu kwamba hajamwaga hata tone. Tangu hapo hawakusalimiana. Miche nayo ilizidi kudumaa, na wateja waliitazama wakaenda zao.

Mwishowe mama alimwita bwana shamba. Bwana huyo alichuma jani, akachimbua udongo kwa kidole.

"Miche hii imekosa madini ya chuma," alisema. "Ndani ya jani mna vijumba vidogo sana, kloroplasti. Humo mmea hupika chakula chake kwa mwanga wa jua. Bila chuma, vijumba hivyo havijengeki vizuri, na ile rangi ya kijani haitengenezwi. Mmea unashinda juani na njaa yake. Chuma kimo udongoni, ila majivu mengi hukifungia, mizizi isikipate. Nani kayaweka?"

Chiriku aliangalia miguu yake. "Ni mimi," alisema.

Walihamishia miche iliyosalia kwenye udongo mpya wenye mboji, na majani yaliyochipua yakatoka kijani. Ndipo mama alipomwomba jirani aje, akamkaribisha kiti na maji ya kunywa. Chiriku alieleza yote. Mama naye akaomba radhi.

Kisha akamgeukia binti yake. "Mwanangu, udongo tumeubadilisha, miche imepona. Uvivu wako ulitugharimu miche. Uongo wako umetugharimu mtu. Yale niliyomwambia mwenzangu kwa kukuamini wewe, nitayabadilisha na nini?"

Jirani alisikiliza hadi mwisho. Aliweka kikombe chini, maji yakiwa hayajaguswa, akainuka, akatoka.