Ombi la Kujifunga

Foleni ya mtihani ilikwama kwa sababu ya suruali ya Cordell Tolliver. Ilikuwa na mifuko minane, na sheria ya pale ilitaka kila mfuko ugeuzwe nje mbele ya msimamizi kabla mtu hajaingia. Nyuma yake walikuwa wamejipanga watu thelathini, katika ukumbi mdogo kati ya duka la miwani na duka la viatu, Jumamosi ya Agosti, Cleveland ikiwa imeshaanza kuchemka. Mfuko wa tano ukatoa spana. Wa sita ukatoa nusu ya biskuti.

"Kaka," akasema mwanamke aliyekuwa nyuma yake, "hukusoma maelekezo?"

"Niliyasoma. Sikujua tu kwamba nina mifuko mingi hivi."

"Anayekuja kufanya mtihani wa kuingilia shule ya sheria havai mifuko."

Cordell akageuka. Ilonka Vargo alikuwa amevaa gauni la kijivu lisilo na mfuko hata mmoja na viatu bapa visivyotoa sauti, nywele zake za rangi ya shaba kazibana kwa mpira. Kitambulisho kilikuwa tayari mkononi.

"Inaonekana umezoea, bibie. Mara ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Pole."

"Usinipe pole. Geuza wa saba."

Saa tatu baadaye wakakutana tena kwenye makabati ya kuwekea vitu, macho mekundu wote wawili. Cordell akaanza, "Lile swali la nyuki..."

"Nyamaza. Tumetia saini kwamba hatutayazungumza maswali."

"Basi tuzungumze supu. Supu hatujaitilia saini."

Wakaenda kula supu ya maharage na pierogi, sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani. Cordell alikuwa na miaka thelathini na mmoja, fundi wa mabasi ya jiji. Chama cha wafanyakazi kilikuwa kinamtuma kuwatetea wenzake kila walipotishiwa kufukuzwa, naye alikuwa amechoka kukaa kando ya wakili akimnong'oneza cha kusema. Ilonka alikuwa na ishirini na minane, akipiga chapa mafaili ya kesi katika ofisi ya mawakili katikati ya jiji.

Mkamia maji hayanywi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakumwona Ilonka. Yeye aliyakamia mpaka kiu yenyewe ikamwisha. Mwaka wa pili wa kujiandaa, mama yake alifariki. Siku ya msiba, shangazi zake wakipokea wageni, Ilonka aliketi kwenye chumba cha makoti na kufanya zoezi zima, maswali ishirini na matano kwa dakika thelathini na tano. Akapata ishirini na matatu. Hakulia siku ile, wala baadaye. Tangu hapo mambo yalimfikia kama redio ya jirani: alisikia kwamba kuna wimbo, basi.

Matokeo yalipotoka, Ilonka alikuwa na mia moja sitini na tano kati ya mia moja themanini, Cordell mia moja hamsini na nane. Cordell akaamua kurudia Oktoba, na Ilonka akajitolea kumfundisha kila Jumamosi maktaba kuu. Njia yake ilikuwa moja: kila zoezi hufanywa mara mbili, na majibu hayaangaliwi mpaka mtu awe amejitetea mwenyewe.

"Swali la kumi na moja," alimwambia siku moja ya Septemba. "Kwa nini umechagua C?"

"Ina sura nzuri."

"C haina sura, Tolliver."

"Wewe unayo. Hoja hiyo ina kasoro?"

"Ina. Umeruka kutoka kwenye jibu ukaenda kwa mwalimu."

"Nimeruka, na sirudi, mpenzi."

Ilonka akacheka. Siku ileile Cordell akambusu kwenye ngazi za maktaba, koti lake la kazi likinuka dizeli na sabuni, jina lake limeshonwa kifuani kwa uzi mwekundu.

"Unanipenda?"

"Ndiyo," alijibu Ilonka, kwa sauti ya mtu anayechagua B.

Na alimpenda kweli. Ila alilijua hilo kwa kukokotoa. Akichelewa, naangalia mlango. Simu ikilia, natumaini ni yeye. Mtu wa namna hiyo, kwa kawaida, anapenda. Kwa hiyo ninapenda. Hoja haikuwa na kasoro, na moyo haukuongeza neno.

Oktoba Cordell alipata mia moja sitini na mbili, akamnyanyua Ilonka mbele ya mkutubi. Wakaketi kupanga maombi. Walichagua shule nne, hakuna iliyopita mwendo wa saa nne kwa gari kutoka Cleveland. Na kwa kuwa shule nyingi zina ombi la kujifunga, ambalo ukikubaliwa huna ruhusa ya kwenda kwingine, wakawekeana sharti.

"Hakuna kujifunga bila kuambiana," alisema Cordell.

"Hakuna."

Tarehe kumi na tano Novemba, Ilonka alikuwa anakula mkate na jibini mezani kwake ofisini. Kwenye kompyuta kulikuwa na fomu ya shule moja ya Minneapolis, mwendo wa siku nzima barabarani; aliijaza zamani kwa mazoezi tu. Siku ya mwisho ilikuwa leo. Chini kabisa pameandikwa: nikikubaliwa nitaondoa maombi yangu mengine yote, wala sitachagua tena. Alilisoma hilo la kutochagua tena mara mbili. Likampa nafuu, kama mgonjwa aliyeambiwa alale. Akatia saini, akakung'uta makombo ya mkate, akarudi kwenye mafaili.

Jioni ile walikula kuku kwa dada yake Cordell. Ilonka alisifia mchuzi. Hakukusudia kuficha. Neno halikumfika mdomoni, na hakulifuata.

Wiki moja kabla ya Krismasi barua ikaja. Akampigia simu Cordell saa ya mapumziko.

"Nimekubaliwa Minneapolis."

"Minneapolis? Haimo kwenye zetu nne."

"Nilijifunga."

Nyuma ya Cordell mtu alikuwa anapiga nyundo.

"Lini?"

"Kumi na tano Novemba."

"Tulikula kwa dada yangu siku hiyo."

"Ndiyo."

"Umechoka na mimi? Sema, mpenzi, mimi ni mtu mzima."

"Sijachoka na wewe."

"Basi ulinipima ukaniona mwepesi?"

Ilonka alifikiri, akamjibu ukweli, na ukweli ndio ulioharibu. "Sikukupima."

"Afadhali ungenipima," alisema Cordell, akakata simu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Ilonka aliondoa maombi yake manne, moja moja, kama fomu ilivyomwagiza. Aliposikiliza ndani yake hakusikia kitu. Januari ikapita na theluji yake, Februari na baridi yake. Alitafuta vyumba vya kupanga Minneapolis, akaona vyote vinafanana.

Siku moja ya Machi, akiwa kwenye lifti, akapata ujumbe. "Nimekubaliwa Columbus. Nilidhani ungependa kujua. C.T."

Columbus ilikuwa mojawapo ya zile shule zao nne. Alisoma zile herufi mbili za mwisho. Mtu aliyewahi kumwita mpenzi sasa anamwandikia kama karani wa mahakama. Akashika ukuta wa lifti, na mzee mmoja akamuuliza kama anahitaji maji. Kesho yake asubuhi alipiga simu Minneapolis.

"Unajua hili ni ombi la kujifunga?" aliuliza mama wa ofisi ya usajili.

"Najua. Naomba mnifungue."

"Umepata shule nyingine?"

"Hapana. Sina hata moja."

"Mwanangu, una hakika?"

"Hapana, mama. Lakini ni mimi ninayeomba."

Siku ya tatu wakamfungua kwa barua ya mistari miwili. Mchana uleule akaenda karakana ya mabasi. Cordell alikuwa peke yake chumba cha chakula, begi lake kwenye benchi, mkate mkononi. Alipomwona aliacha kutafuna.

"Nimejitoa Minneapolis," alisema Ilonka akiwa bado amesimama.

"Kwa ajili yangu? Mzigo huo usinitwishe."

"Si kwa ajili yako. Sikutaka kwenda. Nilitaka mtu aniamulie, nao walikuwa tayari. Hilo la kwanza. La pili, nakupenda. Nimeyatenganisha makusudi, usije ukadhani moja ndilo sababu ya jingine."

Cordell alikaribia kucheka, uso ukakataa. "Ulisifia mchuzi wa dada yangu."

"Ndiyo."

"Ungeniambia tu. Ningekasirika wiki nzima, halafu ningekuendesha mwenyewe mpaka Minneapolis."

"Kukwambia kulitaka nihisi kitu. Sikuwa na cha kuhisi, tangu mama."

"Na sasa?"

"Naogopa. Tangu juzi naogopa mpaka nimetapika kwenye sinki la ofisini."

"Unaogopa nini?"

"Kwamba utaniambia nitoke."

Cordell aliweka mkate chini, akajifuta mikono polepole. "Agosti nakwenda Columbus. Usiniulize wewe uende wapi. Mimi si fomu, Ilonka. Sitakuamulia."

"Sikuombi uniamulie. Septemba nitaomba upya, shule tatu, na mojawapo iko Columbus. Nitaomba hata kama hunitaki."

"Sasa mimi naingia wapi hapo?"

"Wewe nakuuliza. Unanitaka?"

"Leo sijui," alisema Cordell. Kisha akaliondoa begi lake kwenye benchi, akaliweka sakafuni. "Kaa. Mapumziko yamebaki dakika kumi na nane."

Ilonka akakaa. Ganzi ikimtoka mtu mguuni haitoki kwa upole. Huchoma kama sindano mpaka mtu ajute kuwa na mguu. Ilimchoma kifuani, kooni, machoni, akamlilia mama yake pale pale kati ya harufu ya dizeli na kahawa, na Cordell akamkatia nusu ya mkate wake. Aliumia kila mahali, na hakutaka kuinuka.