Ruhusa Aliyoitoa Wawira

Harufu ya udongo mbichi iliingia saibani, kwenye duka la kompyuta la Wawira, mchana kweupe, na mvua haikuwa imenyesha mtaa wa Majimbo tangu mwezi uliopita. Akalaumu viatu vya wateja.

Kazi yake ilikuwa kuchapa wasifu wa marehemu, na Embu hakuna anayezikwa bila wasifu. Haraka haraka haina baraka, lakini kamwambie hivyo mwenye foleni mlangoni. Alikuwa ameweka kwenye kompyuta programu ya kumalizia maneno: ukiandika "ame", yenyewe inaongeza "acha watoto na wajukuu". Iliomba ruhusa ya kuona kila anachoandika, na ya kuandika kwa niaba yake. Nani husoma hayo? Akabonyeza "Ruhusu".

Leo alikuwa anachapa wasifu wa mama yake mwenyewe, Ciakuthii. Alipoandika jina, programu ikamalizia tarehe ya kuzaliwa. Haikuwa ya mama. Ilikuwa ya binti yake wa miaka sita, aliyepewa jina la nyanya yake kama desturi inavyotaka. Akafuta. Ikarudi, na chini yake pakaongezeka: "ameaga dunia Jumamosi". Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Akamwita Pasta Njagi wa kanisa lao.

"Pastor, toa hii kitu," alinong'ona. "Nimetoa tiki ya permission, inajirudisha."

"Ni wewe uliiruhusu?"

"Ni mimi. Lakini sikujua ni nini."

"Hata mimi sijui, sister. Wacha tuombe."

Pasta akaomba hadi jasho likamtoka, Wawira akang'oa waya ukutani, kioo kikazimika, lakini vitufe vikaendelea kubonyea kimoja kimoja, taratibu, bila mkono wa mtu, na ile harufu ya udongo ikazidi hadi Pasta akaziba pua, akakumbatia Biblia yake, akatoka bila kuaga. Kisha vitufe vikanyamaza. Wawira akamshukuru Mungu mapema mno.

Nyumbani alimkuta Ciakuthii mdogo kitandani, anachemka kwa homa, chumba chote kinanuka udongo. Vidole vya mtoto, ambaye hajawahi kugusa kibodi, vilikuwa vinagonga blanketi. Wawira akapiga magoti akavishika, navyo vikaendelea kugonga ndani ya viganja vyake. Mchapaji hahitaji kuona herufi, vidole vinamtosha. Alivisoma huku akilia, maana maneno hayo alikuwa amewachapia watoto wa wengine mara nyingi.

"Ameacha mama."