Ghuba Ilipofungwa

Mtaani walimwita Mama Kamba. Hakuwahi kuuza kamba wa baharini hata siku moja. Aliuza kome. Lakini kome wake walikua kwenye kamba, zile za kufungia, na watu wa mtaa hawaachi utani upite bure. Walimwita Mama Kamba asiye na kamba, naye akacheka nao.

Kome ni wanyama wadogo wa baharini. Kila mmoja hukaa ndani ya magamba mawili meusi. Mama Kamba na mumewe waliunda chelezo kwa mapipa na mbao, wakakitia nanga ndani ya ghuba. Chini yake wakaning'iniza kamba nene. Kome walijishika kwenye kamba hizo wakanenepa. Asubuhi Mama Kamba alipiga kasia mpaka kwenye chelezo, akavuta kamba moja, akakwangua waliokomaa. Baadaye aliwauza sokoni.

Mumewe alikuwa baharia kwenye meli ya mizigo. Safari hii ilikuwa ndefu kuliko zote. Meno ya mbele ya binti yao yaling'oka, yakaota mengine, na baba hakuwepo kuyaona. Mama Kamba aliendelea kulala upande ule ule wa ukutani, kana kwamba upande wa pili una mtu.

Baharia alituma ujumbe wa sauti kila meli ilipokaribia nchi kavu. Alisema amechoka na vyakula vya kopo. Alisema mara nyingine akifumba macho anasikia kome wakigongana ndani ya sufuria. "Nikifika usinichinjie kuku," alisema. "Nipikie kome tu. Nitakula mpaka mnifukuze mezani."

Mama Kamba aliusikiliza ujumbe huo akiwa anaosha vyombo. Akaurudia. Kisha akakausha mikono, akaurudia tena.

Zilipobaki wiki chache mumewe afike, maji ya ghuba yalibadilika. Yakawa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Jioni hiyo jirani yake alibisha hodi. Jirani huyo alikuwa mpimaji wa maji katika maabara ya bandarini, na nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Hata koti lake jeupe la kazini alikuwa hajalivua.

"Dada," alisema Mpimaji, "najua shemeji anakuja. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, kabla hujaliona tangazo. Ghuba imefungwa. Asiliwe kome, wala chaza, wala chochote chenye gamba, mpaka tutakapotangaza."

Mama Kamba aliuliza kama akiwachemsha sana itasaidia. Mpimaji akatikisa kichwa. Alieleza kwamba ndani ya maji mlikuwa na vimea vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Vingi havina ubaya, lakini hivi vilikuwa na sumu. Kome hula kwa kuchuja maji, kwa hiyo sumu hubaki ndani ya nyama yake. Yeye mwenyewe hadhuriki. Anayemla ndiye anayeumia. Na sumu hiyo haitoki kwa moto, kwa barafu, wala kwa ndimu.

Mama Kamba alisema ameelewa. Lakini usiku alipolala aliwaza jambo moja tu: mumewe atafika na sufuria itakuwa tupu.

Baharia alifika siku ya mvua, begi begani. Binti alijificha nyuma ya mlango kwa aibu, halafu akatoka na hakumwachia baba yake shati siku nzima. Nyumba ilijaa. Hata viatu vikubwa pale mlangoni, ambavyo kila mtu alivikwaa, vilimfurahisha Mama Kamba.

Kufikia wakati huo rangi ya chai ilikuwa imetoweka. Maji yalirudi kuwa safi. Baharia alisimama ufukweni akaona mchanga wa chini. Mkewe alimkumbusha kwamba ghuba bado imefungwa. Alimweleza yote aliyoambiwa na Mpimaji.

"Maji haya?" alisema Baharia. "Mtu anaweza kujitazama humu akasuka nywele. Mke wangu, nimekula kome wa ghuba hii tangu sijaota ndevu."

"Subiri kidogo," alisema Mama Kamba.

"Nimesubiri mwaka mzima na zaidi."

Mama Kamba pia alikuwa amesubiri.

Siku iliyofuata Mama Kamba alikwenda sokoni kununua mboga. Aliporudi alinusa harufu ya kome kabla hajafungua mlango. Baharia alikuwa ameketi jikoni. Mbele yake palikuwa na magamba matupu. Bakuli lingine lilikuwa limefunikwa kwa sahani, likimsubiri binti yao atoke shule.

Baharia alitabasamu, lakini tabasamu lake lilikwenda upande. Alikuwa akijigusa midomo.

"Midomo imekufa ganzi," alisema. "Na vidole vinachomachoma. Wacha nilale kidogo, itapita."

Mama Kamba hakumwacha alale. Hakumpa maziwa, wala hakutafuta dawa ya nyumbani. Alimwita jirani mwenye gari, akamwomba mwingine ampokee binti shuleni. Lile bakuli akalitia ndani ya mfuko akaondoka nalo, ili daktari aone mgonjwa alichokula, na ili lisibaki mezani.

Hospitalini Baharia hakuweza kushika kikombe. Baadaye kifua kikawa kizito na pumzi ikapungua. Daktari alimwambia Mama Kamba ukweli. Sumu hii haina dawa ya kuiua. Kazi yao ni kumsaidia mgonjwa kupumua kwa mashine mpaka mwili uitoe wenyewe. Akaongeza kwamba waliofika mapema hupona, na kwamba kuchelewa ndiko kunakoua.

Mama Kamba alikaa kando ya kitanda, ameushika mkono wa mumewe. Mkono haukumshika. Mwaka mzima alikuwa ameutamani mkono huo. Sasa ulikuwa ndani ya mkono wake, na bado ulikuwa mbali. Alikaa hivyo mpaka kulipokucha, vidole vikaanza kujikunja taratibu juu ya vyake.

Baharia alipona. Alipoweza kutembea vizuri, yeye mwenyewe aliomba kupelekwa maabara. Mpimaji aliweka tone la maji chini ya hadubini, akamwambia achungulie. Baharia akaona vidude vya duara, vimeshikana kama shanga, vikitembea polepole.

"Hivi ndivyo vilivyonilaza?"

"Ndivyo, shemeji. Na maji haya yametoka ghubani leo. Uliyaona safi, sivyo?"

Baharia akainama akaangalia tena.

Mpimaji alieleza kwamba rangi si kipimo. Maji yanaweza kuwa mekundu bila sumu, na yanaweza kung'aa yakiwa na sumu. Hata vimea vikiondoka, nyama ya kome hubaki na sumu kwa muda. Kipimo cha maabara tu ndicho kinachosema kweli. Shida yao ilikuwa kupata maji ya kupima. Boti ya maabara iliharibika mara kwa mara, na walipofika katikati ya ghuba mlipuko wa vimea ulikuwa umekwisha kukua.

"Mimi niko kule kila asubuhi," alisema Mama Kamba. "Nipe chupa."

Hivyo ndivyo alivyoanza. Alijifunza kuvuta wavu laini kuzunguka chelezo, kupima joto la maji, na kuijaza chupa bila kuugusa mdomo wake. Baharia alipiga kasia. Walifanya kazi hiyo wakiwa kimya, magoti yao yakigusana ndani ya mtumbwi. Wakati mwingine Mama Kamba alichelewesha kurudi kwa makusudi.

Waliuliza pia chanzo cha mlipuko. Mpimaji hakuwaficha. Bahari ikipata joto na kutulia, vimea huota vyenyewe, na hilo hakuna wa kulizuia. Lakini binadamu huvilisha. Gari la kunyonya vyoo lilikuwa likimwaga uchafu kwenye mtaro unaoingia ghubani. Na mkulima wa mboga kando ya kijito alimwaga mbolea nyingi kila mawingu yalipokusanyika.

Wote watatu wakamwendea mkulima. Mwanzoni alinuna. Mama Kamba akamuuliza, mbolea inayosombwa na mvua inakuza mchicha wa nani? Mkulima akacheka, akakiri kwamba hata yeye inamuuma. Alikubali kutia mbolea kidogo kidogo baada ya mvua, na kuacha ukanda wa majani kando ya kijito ili yazuie maji machafu. Wakazi nao walikwenda ofisi ya mtaa kwa pamoja, wakarudi tena na tena, mpaka gari la vyoo likaelekezwa kwenye mabwawa ya kusafishia.

Likizo ikaisha. Ghuba ilikuwa bado imefungwa. Baharia aliondoka bila kuonja kome wengine. Mlangoni palibaki patupu, na Mama Kamba akawa anapita pale kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kukwaa.

Baada ya muda vipimo vikaja vizuri, mara ya kwanza na ya pili. Ghuba ikafunguliwa. Wateja walirudi, na sasa waliuliza kipimo kabla ya kuuliza bei. Siku ya kwanza Mama Kamba alipika sufuria nzima. Binti alikula mpaka akalamba bakuli. Mama yake alikula kidogo, akawapelekea majirani waliobaki.

Msimu wa joto uliporudi, chupa za Mama Kamba zilionyesha vimea vikianza kuongezeka. Maji yalikuwa hayajabadilika rangi hata kidogo. Ghuba ilifungwa siku ile ile. Mlipuko ulikuwa mdogo kuliko ule wa kwanza, na hakuna mtu hata mmoja aliyelazwa hospitali. Mama Kamba akauza mboga za yule mkulima kwa muda.

Ndipo Baharia alipopiga simu kusema amepewa likizo. Sauti yake ilikuja kwa mawimbi, ikapotea, ikarudi. Aliuliza kama ghuba iko wazi.

"Imefungwa," alisema Mama Kamba.

Baharia akasema meneja wake anamruhusu kusogeza likizo mbele kidogo, mpaka ghuba ifunguliwe, kama mkewe anaona ni vyema.

"Njoo sasa," alisema Mama Kamba. "Tutakula mchicha. Unafikiri muda wote huu nilikuwa nawasubiri kome?"